Wahafidhina wa Marekani, usalama wa taifa, magereza na kura: mimi ni mwenzao, na huu ndio ugomvi wangu nao

Mleta uzi

Wakuu, heshima zenu.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za siasa za Marekani, na karibu kila mchangiaji anamchukulia mhafidhina wa kule kama mtu wa aina moja: anapenda bunduki, anapenda jela, anapenda vita. Mimi naishi Texas, nje kidogo ya Houston, mwaka wa kumi na nne huu. Nina uraia, napiga kura, na kwenye mambo ya familia, dini na kodi najihesabu mhafidhina. Kwa hiyo yote nitakayosema ni ya mtu wa ndani ya nyumba.

Kwa ninavyowaona, wana mafundisho mawili yasiyopatana. La kwanza linasema serikali ni kitu cha kuogopwa, kila senti yake na kila pingu yake ihojiwe. La pili linasema adui akishafika mlangoni, serikali ipewe rungu na watu wanyamaze. Kila walipolishika la kwanza walifanya jambo la maana. Na kila ulipofika msimu wa kampeni, walilikimbia.

Naanza na kesi inayotugusa sisi.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, nilikuwa na miaka 15, niko Kinondoni, nimetumwa sukari kwa Mpemba. Saa nne na nusu ilikuwa imepita kidogo. Nilisikia mlio mmoja mzito, na vioo vya kabati la maandazi vikatetemeka mpaka kimoja kikaachia pembeni. Mpemba alikishika kwa viganja viwili, akakiegemea vile vile, hajui afanye nini, maandazi yako nyuma yake. Tukadhani transfoma imelipuka. Mpaka adhuhuri mtaa mzima ulishajua ni ubalozi wa Marekani, Laibon Road, Oysterbay. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, na hakuna mtu pale kwetu aliyezungumzia sherehe.

Dar walikufa watu 11. Hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi, kwa tofauti ya dakika chache, walikufa 213. Wenye umri wangu mnakumbuka lile boza la maji lililokuwa getini, likazuia lori la bomu lisiingie ndani. Bila lile boza tungehesabu wengi zaidi.

Sasa sikilizeni ilivyoendelea. Mwaka 2001, mahakama ya kawaida ya kiraia pale Manhattan iliwatia hatiani watu wanne, mmoja wao Mtanzania, Khalfan Khamis Mohamed. Wote wakapewa kifungo cha maisha. Hukumu ilisomwa Oktoba 2001, wiki chache baada ya majengo pacha kuanguka, katika mji uleule. Mashahidi walisikilizwa, mawakili wa utetezi walibishana, raia 12 wa baraza wakaamua.

Wa tano, Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Yeye hakupelekwa mahakamani. CIA walimweka kwenye jela za siri miaka miwili, kisha akapelekwa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani huko Cuba. Serikali ya Obama ilipomleta New York mwaka 2009, moto ukawaka, wengi wakitaka ahukumiwe na mahakama ya kijeshi. Novemba 2010 baraza likamwona na hatia kwenye shitaka moja kati ya zaidi ya 280. Yaliyobaki yote akaachiwa. Januari 2011 akahukumiwa kifungo cha maisha bila parole, yaani bila nafasi ya kuachiwa mapema kwa masharti.

Nitarudi. Zamu ya kazini inaanza.

Mzalendo_Kigamboni

Mkuu shukrani kwa uzi, ila hapo umenichanganya. Watu 224 wamekufa, mashitaka zaidi ya 280, hatia moja. Ndiyo haki hiyo? Mimi naona hao waliotaka mahakama ya kijeshi walikuwa sahihi. Mtu kama huyo unambembeleza na wakili wa nini?

Mleta uzi

Mkuu Mzalendo, swali lako ndilo walilouliza Republican wengi wiki ileile, na halina ubaya. Mbunge Peter King wa New York alisema haki imepotoshwa kabisa. Ngoja nikueleze kilichotokea, maana wengi walikiruka.

Serikali ilikuwa na shahidi mmoja mkubwa, Mtanzania, aliyesema ndiye aliyemuuzia Ghailani baruti. Lakini jina la huyo shahidi lilipatikana Ghailani alipokuwa kwenye mikono ya CIA, akihojiwa kwa mabavu. Jaji Lewis Kaplan akasema shahidi huyo haingii, kwa sababu katiba hairuhusu ushahidi uliopatikana kwa njia hiyo. Akaongeza jambo ambalo wakosoaji hawakulisema kwenye televisheni: hata mahakama ya kijeshi isingekuwa na uhakika wa kumpokea.

Kwa hiyo kilichoidhoofisha kesi si wakili. Ni zile jela za siri. Polisi na waendesha mashitaka wa 2001 walikwenda Dar, wakakusanya vipande vya lori, wakahoji watu wa mitaani kwetu kwa utaratibu, na kesi yao ikasimama. Waliofuata walitumia mabavu, na matunda ya mabavu yakatupwa nje.

Linganisha na Khalid Sheikh Mohammed, anayeshitakiwa kupanga Septemba 11. Amekamatwa Machi 2003. Ilitangazwa atashitakiwa New York, wanasiasa wakapiga kelele, mwaka 2011 ikarudishwa kwa jeshi huko Guantánamo. Mwaka 2025 kesi yake kamili ilikuwa bado haijaanza kusikilizwa. Ghailani anatumikia maisha. Nani amemaliziwa kazi hapo?

Na kampeni zilichangia. Januari 2010 Scott Brown aligombea kiti cha useneta kilichoachwa na Ted Kennedy, Massachusetts, ngome ya Democrat. Alizunguka akisema fedha za walipa kodi zinunue silaha za kuwazuia magaidi, zisilipe mawakili wa kuwatetea. Akashinda. Somo hilo kila mgombea alilishika. Mwisho wa mwaka huohuo Bunge likazuia fedha za kuwaleta mahabusu wa Guantánamo Marekani hata kwa ajili ya kesi. Ghailani akabaki wa kwanza na wa mwisho.

Lakini kuna jambo nataka mliweke akilini, kwa sababu hapo ndipo mhafidhina ninayemheshimu alipojitokeza. Machi 2010 kikundi cha Liz Cheney, binti wa aliyekuwa makamu wa rais Dick Cheney, kilitoa tangazo la kuwashuku wanasheria wa Wizara ya Sheria waliowahi kuwatetea mahabusu, kana kwamba wao ni watu wa al-Qaeda. Waliosimama kulipinga ni pamoja na Ken Starr, mwendesha mashitaka yuleyule aliyemwandama rais Clinton, na wanasheria wengine waliotumikia serikali za Republican. Walikumbusha kwamba John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili, aliwatetea mahakamani askari wa Kiingereza waliowaua watu wa Boston. Hawakuwa wanawaonea huruma magaidi. Walikuwa wanalinda kitu cha zamani kisibomolewe, na kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya kuwa mhafidhina.

Mzalendo_Kigamboni

Hapo kwenye ushahidi nimekuelewa mkuu. Sikujua.

Mleta uzi

Sasa magereza, na huku ndiko ninakoishi.

Mwaka 2007 wataalamu wa bajeti wa Texas walikadiria kwamba kufikia 2012 jimbo lingehitaji vitanda vipya zaidi ya 17,000 vya wafungwa, gharama karibu dola bilioni 2. Hii ni Texas, wakuu, jimbo lililokuwa likiongoza kwa kutekeleza adhabu ya kifo. Mwenyekiti wa kamati ya magereza alikuwa Jerry Madden, Republican, injinia aliyesoma chuo cha kijeshi cha West Point. Spika wake alikuwa ameshamwambia kwa ufupi: usijenge magereza mapya, ni ghali.

Madden akafanya kazi kama injinia. Akauliza watu wanaingia kwa mlango gani na kwa nini wanarudi. Akakuta wengi wanarudishwa kwa kuvunja masharti ya parole, wengine ni walevi na watumiaji wa dawa wanaosubiri nafasi ya matibabu isiyokuwepo. Akashirikiana na seneta John Whitmire wa Democrat, ambaye sasa ndiye meya wa Houston, wakapitisha dola milioni 241 za matibabu na njia mbadala za kifungo. Uhalifu ukaendelea kushuka. Mwaka 2011 Texas ikafunga gereza kwa mara ya kwanza katika historia yake, Central Unit, Sugar Land.

Sugar Land iko jirani na kwangu. Jina lenyewe linasema: ardhi ya miwa. Baada ya utumwa kufutwa, wafungwa weusi walikodishwa kwenye mashamba yale kama ng'ombe wa kulimia. Mwaka 2018, wakijenga shule, mafundi walifukua mabaki ya watu 95 wa enzi hiyo. Mhafidhina anayesema serikali haiaminiki na nguvu kubwa hahitaji kwenda Urusi kutafuta mfano. Uko hapo barabarani.

Kundi la Texas likaanzisha kampeni ya Right on Crime mwaka 2010, wakatia saini kina Newt Gingrich aliyekuwa spika wa Bunge la Marekani, Grover Norquist mpinga kodi, na Edwin Meese aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Reagan. Hoja zao hazikuwa za mrengo wa kushoto. Walisema gereza ni idara ya serikali kama nyingine, inakula kodi, inataka kukua, na ni lazima ioneshe matokeo. Upande wa kanisa alikuwepo Chuck Colson, msaidizi wa rais Nixon, aliyefungwa miezi saba mwaka 1974 na kutoka akaanzisha huduma ya kuwatembelea wafungwa. Yeye hakuhitaji takwimu. Alishalala mle.

Pale ghalani ninapofanya kazi kuna mwenzangu yuko kwenye parole. Ana kifaa mguuni cha kufuatilia alipo. Saa ya chakula sisi tunakaa mezani, yeye anakaa chini sakafuni karibu na soketi, suruali imekunjwa, waya umechomekwa ukutani, anakula hapohapo mpaka kijae chaji. Kikizima ni kosa la kumrudisha ndani. Mwezi wa nne umeme ulikatika ghalani kwa saa tatu. Sijawahi kumwona mtu mzima akitokwa jasho namna ile ndani ya jengo la baridi. Msimamizi wetu, Republican wa kadi kabisa, alimpeleka kwa gari lake mpaka kituo cha mafuta akachaji.

Binti_wa_Ifakara

Kaka, nimekusoma kwa utulivu. Ila na mimi niseme yangu. Duka langu lilivunjwa, aliyelivunja alifungwa, akatoka na msamaha wa rais, na mwaka haujaisha akalivunja tena. Nyie mnaowahurumia wafungwa, sisi tuliovunjiwa mnatuweka wapi?

Mleta uzi

Dada yangu, pole sana. Na swali lako sitalipita pembeni.

Kuna wahafidhina wanaosema maneno yako hasa. Seneta Tom Cotton wa Arkansas aliwahi kusema tatizo la Marekani ni kwamba watu wanaofungwa ni wachache mno. Wengi wanamcheka. Mimi simcheki. Mwaka 2020 mauaji Marekani yalipanda kwa karibu asilimia 30 ndani ya mwaka mmoja, na waliokufa zaidi ni vijana maskini weusi. Mzazi aliyezika mwanawe hana haja ya hotuba kuhusu bajeti ya magereza.

Ila angalia msamaha uliokuumiza ulivyofanyika. Mtu ametolewa siku ya sikukuu, kwa orodha, hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi na atakula nini. Huruma namna hiyo ni ya mkupuo. Mageuzi ya Texas yalikuwa kinyume chake, mtu mmoja mmoja, masharti, uangalizi, kazi, matibabu. Halafu kuna hili: takwimu za FBI za 2022 zinaonesha karibu nusu ya mauaji ya Marekani hayakupata mtuhumiwa. Mhalifu haogopi miaka 40 ya kifungo kama anajua hakamatwi. Polisi mzuri anayemkamata kesho asubuhi anamtisha kuliko kifungo kirefu ambacho hatakiona. Ningependa duka lako lipate huyo polisi.

Msomaji_Mombasa

Nauliza tu ndugu. Trump si ndiye alisaini sheria ya kupunguza vifungo? Na huyohuyo anasema wahalifu wanyongwe. Inakuwaje?

Mleta uzi

Ndugu wa Mombasa, hapo umefika kwenye kampeni, sehemu inayonikera kuliko zote.

Turudi 1988. Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts, wakati wa kiangazi anaongoza kura za maoni kwa pointi 17 dhidi ya Bush mzee. Jimbo lake lilikuwa na mpango wa kuwapa wafungwa ruhusa ya wikiendi. Mfungwa mmoja mweusi wa mauaji, Willie Horton, alitoka kwa ruhusa hiyo, akatoroka, na mwaka 1987 huko Maryland akamshambulia mwanamume na kumbaka mchumba wake. Unyama wa kweli, na mpango ule ulistahili kuhojiwa. Lakini tangazo lililoweka picha ya Horton kwenye televisheni halikuuliza chochote kuhusu mpango. Lilionesha uso. Halikusema kwamba mpango ulianzishwa mwaka 1972 chini ya gavana wa Republican.

Na kikundi kilichotengeneza tangazo hilo, wakuu, kilijiita Kamati ya Kisiasa ya Usalama wa Taifa. Kesi ya jinai ya jimbo moja ikavikwa koti la usalama wa taifa, na tangu hapo koti hilo halijavuliwa. Bush alichukua majimbo 40. Democrat nao walisoma somo hilo hilo, ndiyo maana mwaka 1994 Clinton akasaini sheria kali ya uhalifu kwa furaha kabisa. Hofu hiyo ilikula vyama vyote viwili.

Sasa Trump. Ndiyo, tarehe 21 Desemba 2018 alisaini sheria ya First Step. Seneti ilipiga kura 87 kwa 12, na wote 12 waliopinga walikuwa Republican. Ilipunguza vifungo vya lazima vya dawa za kulevya, na ikawafikia waliofungwa zamani kwa kokeini ya crack, ambayo kwa miaka mingi gramu moja ilihesabiwa sawa na gramu 100 za kokeini ya unga. Unga ulikuwa wa matajiri, crack ya vitongoji vya weusi. Februari 2020 Trump alilipia tangazo kwenye fainali ya Super Bowl, likimwonesha Alice Johnson, bibi aliyekuwa kafungwa maisha kwa kosa la kwanza la dawa, akilia kwa furaha amefunguliwa. Nililitazama sebuleni kwangu, na nakiri machozi yalinitoka.

Mwaka huohuo, miezi michache mbele, kampeni ikageuka kuwa sheria na utulivu, na tangazo la yule bibi sikulisikia tena. Mwaka 2023 gavana wa Florida, Ron DeSantis, akimsaka Trump kutoka kulia, akaiita sheria ile mpango wa kutorosha wafungwa na kuahidi kuifuta. Akiwa mbunge, Mei 2018, aliipigia kura ya ndiyo ilipopita mara ya kwanza. Kweli, baadaye Seneti iliongeza vipengele vya kupunguza vifungo, naye hakuwa tena bungeni. Ila kwangu kilichobadilika zaidi ni kalenda.

Ndiyo jibu langu, ndugu. Hazikuwa imani mbili ndani ya mtu mmoja. Ni imani moja ya miaka isiyo na uchaguzi na nyingine ya miaka ya uchaguzi.

Mzalendo_Kigamboni

Na kunasa simu za raia je? Hapo wahafidhina wako wako upande gani?

Mleta uzi

Kwa ufupi mkuu, maana nimeandika sana. Sheria ya Patriot ya 2001, iliyoipa serikali nguvu zaidi za kuchunguza watu, ilipita Seneti 98 kwa 1, na huyo mmoja alikuwa Democrat. Wahafidhina wengi walinyamaza. Waliamka ilipoguswa kampeni yao: Desemba 2019 mkaguzi wa Wizara ya Sheria alikuta makosa na upungufu mkubwa 17 kwenye maombi ya FBI ya kumchunguza Carter Page, mshauri wa kampeni ya Trump. Aprili 2024 pendekezo la kuwalazimisha FBI wawe na kibali cha jaji kabla ya kupekua mawasiliano ya Wamarekani lilianguka kwa kura 212 kwa 212, na Republican wengi walikuwa upande wa kibali. Nafurahi waliamka. Nahuzunika kwamba ilibidi wachomwe wao ndipo waamke, wakati Waislamu wa Texas walikuwa wanalalamika tangu 2001.

Na nimtaje mmoja ambaye hakungoja kuchomwa. Mwaka 2025 serikali ilikiri kumpeleka mkazi wa Maryland kwenye gereza la El Salvador kimakosa, kisha ikasema haina la kufanya. Jaji J. Harvie Wilkinson, aliyeteuliwa na Reagan, mzee wa miaka 80, aliandika kwamba serikali inayoweza kumtupa mtu kwenye jela ya nje bila kumsikiliza itashindwa na nini kuwafanyia hivyo raia wake kesho. Isomeni hukumu ile, ni kurasa chache. Huyo ndiye mhafidhina wangu.

Binti_wa_Ifakara

Kaka, na yule mwenzako wa kifaa mguuni, ameishia wapi?

Mleta uzi

Dada, parole yake iliisha wiki tatu zilizopita. Texas mtu akimaliza adhabu yote anarudishiwa haki ya kupiga kura, na alinijia kuuliza fomu inapatikana wapi. Nilimletea ile kadi ya kujaza na kutuma kwa posta. Aliijazia juu ya boksi, kalamu yangu, herufi kubwa. Alipofika kwenye mstari wa kuthibitisha kwamba mtu aliyehukumiwa amemaliza kifungo chake chote pamoja na parole, aliusoma kwa sauti mara mbili, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Akatia saini, akakaa nasi mezani.

Nilimuuliza atampa nani kura. Akasema Republican, kama baba yake. Msimamizi wetu alisikia, akamsogezea chupa ya maji, wakaanza kubishana habari ya kodi ya nyumba.

Nikipata nafasi Jumapili nitaandika kuhusu dhamana.